Alexander Fleming na bakteria wa tumboni wasiosikia dawa

Mtoto anapoharisha, mama wengi hufika kituo cha afya na ombi moja: nesi, naomba antibiotiki. Wengine huwa wamepitia kwanza duka la dawa, na mtoto ameshakunywa dawa ya siku mbili. Mara nyingi tunawapa pakiti za ORS na vidonge vya zinki bila antibiotiki yoyote, na mama anaondoka akihisi amenyimwa dawa.

Hakunyimwa. Sababu inahusu bakteria wanaoishi tumboni mwa mtoto na namna wanavyokuwa sugu, yaani wanavyofika mahali pa kutosikia dawa tena. Njia rahisi ya kulielewa jambo hili ni kufuata maisha ya mtu mmoja aliyekutana nalo mapema: Alexander Fleming, daktari aliyegundua penisilini. Dunia inamkumbuka kwa bakteria aliowaua. Hapa tutawatazama zaidi wale waliomshinda.

Mtoto wa shambani

Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel huko Scotland. Baba yake, Hugh, alikuwa mkulima na mfugaji. Alioa mara ya pili akiwa anakaribia miaka 60, baada ya mke wake wa kwanza kufariki. Alexander alikuwa wa tatu kati ya watoto wanne wa mke wa pili, Grace. Alipofika miaka 7, baba yake alifariki. Grace akabaki na shamba, na watoto wake, na wale aliowakuta katika ndoa.

Watoto walikua wakitembea mwendo mrefu kwenda shule. Walivua samaki mtoni kwa mikono mitupu na kuwasaka sungura. Kazi za namna hiyo humfundisha mtoto kutulia na kutazama vitu vidogo, na tabia hiyo Fleming alibaki nayo hadi uzeeni.

Akiwa kijana mdogo alihamia London, ambako kaka yake Tom alikuwa daktari. Alisoma kidogo, kisha akafanya kazi ya ukarani katika ofisi ya meli kwa miaka minne. Kazi haikumpendeza. Alipofika miaka 20, ami yake aliyefariki aliwaachia urithi, na fungu lake lilikuwa pauni 250. Kwa fedha hizo, na kwa ushauri wa kaka yake, aliingia chuo cha udaktari cha hospitali ya St Mary's. Alihitimu mwaka 1906 na kubaki hapohapo, katika maabara ya Almroth Wright, mtaalamu wa chanjo. Karibu maisha yake yote ya kazi aliyamalizia katika hospitali hiyo moja.

Tukumbuke hali ya hospitali za wakati huo. Mwanamke aliyepata homa baada ya kujifungua, mtoto mwenye nimonia, mtu aliyechomwa na mwiba na jeraha likatunga usaha: wote walitegemea zaidi nguvu za mwili wao wenyewe. Daktari alijua jina la bakteria, aliweza kumwona kwa hadubini, lakini hakuwa na dawa ya kumfuata ndani ya mwili.

Dawa kali iliyoua walinzi

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, Fleming alipelekwa Boulogne, Ufaransa, kuwahudumia askari majeruhi. Desemba 1915 alimwoa Sarah McElroy, muuguzi kutoka Ireland. Mwaka 1924 walipata mtoto wao wa pekee, Robert, ambaye naye alikuja kuwa daktari.

Huko Boulogne, madaktari walikuwa wakimwaga dawa kali za kuua vijidudu ndani ya vidonda virefu. Ilionekana ni jambo la busara. Fleming alipima akakuta kinyume chake. Dawa hizo hazikufika kwenye pembe za ndani za kidonda, mahali ambako bakteria walijificha. Lakini zilipogusa chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, ziliziua. Kidonda kikabaki na adui bila mlinzi.

Hilo ndilo somo la kwanza kutoka kwake, na linahusu tumbo la mtoto moja kwa moja. Tumboni mwa kila mtu wanaishi bakteria wengi mno, kwa hesabu ya matrilioni. Wengi wao ni wenyeji wema. Wanasaidia kusaga mabaki ya chakula, wanatengeneza baadhi ya vitamini, na wanajaza nafasi ambayo mgeni mbaya angekuja kukaa. Antibiotiki ikimezwa haichagui mwema na mbaya. Inamwondoa yeyote asiyeweza kuihimili. Ndiyo maana mtoto anayekunywa antibiotiki mara nyingine huanza kuharisha kwa sababu ya dawa yenyewe.

Machozi na maziwa ya mama

Mwishoni mwa mwaka 1921 Fleming alipata mafua. Akachukua kamasi zake na kuziweka penye bakteria aliokuwa akiwakuza kwenye kisahani cha kioo. Bakteria wale waliyeyuka. Ndani ya kamasi kulikuwa na kimeng'enya kinachopasua ukuta wa bakteria. Kikapewa jina la lisozaimu.

Alikitafuta kila mahali. Alikikuta kwenye machozi, na ili kupata machozi ya kutosha yeye na wenzake walikuwa wakijikamulia limau machoni. Alikikuta kwenye mate na kwenye ute mweupe wa yai. Kimo pia katika maziwa ya mama, kwa wingi kuliko katika maziwa ya ng'ombe. Mtoto anayenyonya anapokea ulinzi huu kila anaposhika titi.

Lisozaimu ilikuwa na kasoro moja kama dawa: iliwaua hasa bakteria wasio na madhara, na wale wa magonjwa makubwa hawakujali. Fleming na mwenzake Allison wakaendelea kuichunguza. Mwaka 1927 walieleza jambo ambalo lingestahili kusikika zaidi. Bakteria waliokuwa wakiuawa na lisozaimu, wakiwekwa nayo mara kwa mara, hutokea ukoo wao ambao hauuawi kirahisi tena. Penisilini ilikuwa bado haijagunduliwa. Mtu ambaye angeigundua alikuwa ameshauona usugu kwa macho yake.

Kisahani kilichoota ukungu

Mwanzoni mwa Septemba 1928 Fleming alirudi kutoka likizo. Mezani alikuwa ameacha visahani vya bakteria wanaosababisha majipu. Kimoja kilikuwa kimeota ukungu, kama mkate uliokaa siku nyingi. Kuuzunguka ule ukungu palikuwa peupe. Bakteria waliokuwa karibu nao walikuwa wamekufa.

Akaukuza ukungu huo, akachuja maji yake, na Machi 1929 akayaita penisilini. Kisha akafanya kazi ya subira: kuorodhesha nani anakufa na nani hafi. Bakteria wa majipu walikufa. Wa nimonia walikufa. Wa dondakoo walikufa. Wa kisonono walikufa. Lakini alipofika kwa jamii ya bakteria wa utumbo, wale wa kundi la koli na wa homa ya matumbo, yaani taifodi, penisilini yake haikuwafanya lolote.

Leo tunajua sehemu ya sababu. Bakteria hao wa tumboni wana ngozi ya ziada nje ya ukuta wao, na penisilini ile ya kwanza haikuweza kuipenya vizuri.

Fleming hakulichukulia hilo kama kushindwa tu. Alilitumia. Maabarani alikuwa akitafuta bakteria mmoja mgumu kupatikana, aliyedhaniwa wakati huo kuwa ndiye chanzo cha mafua makali. Bakteria huyo hakuuawa na penisilini, lakini kwenye kisahani alifunikwa na wengine wengi. Fleming akamimina penisilini. Wengine wakafa, na yule aliyemtaka akabaki peke yake na nafasi tele ya kukua.

Mama, shika picha hiyo. Alichokifanya Fleming kwa makusudi kwenye kisahani ndicho kinachotokea bila makusudi tumboni mwa mtoto kila anapopewa antibiotiki. Dawa inapalilia. Inawang'oa waliokuwa dhaifu, na wanaoivumilia wanaachiwa shamba.

Kimeng'enya kutoka kwenye bakteria wa tumboni

Fleming hakufanikiwa kuisafisha penisilini iwe dawa kamili. Kazi hiyo ilifanywa miaka kumi baadaye katika chuo kikuu cha Oxford na Howard Florey, Ernst Chain, Norman Heatley na wenzao. Tarehe 25 Mei 1940 waliwachoma panya wadogo wanane kwa bakteria wa kuua, kisha wakawapa wanne kati yao penisilini. Kulipokucha, wanne ambao hawakupewa walikuwa wamekufa, na waliopewa walikuwa hai.

Mwaka huohuo, Desemba, Chain na mwenzake Edward Abraham walitangaza habari nyingine isiyopendeza. Walikuwa wamewasaga bakteria wa koli na kukuta ndani yao kimeng'enya kinachoiharibu penisilini. Kinaikata, na ikikatwa haina kazi tena.

Bakteria wa koli, au E. coli, ni mkazi wa kawaida wa utumbo wa mwanadamu. Alielezwa mara ya kwanza mwaka 1885 na Theodor Escherich, daktari wa watoto wa Kijerumani, ambaye alikuwa akichunguza choo cha watoto wachanga. Huingia tumboni mwa mtoto katika siku za mwanzo za maisha, na mara nyingi hukaa humo bila kuleta shida.

Angalia tarehe tena. Desemba 1940 wagonjwa wa Oxford walikuwa bado hawajaanza kutibiwa kwa penisilini. Wa kwanza wao aliyetibiwa kwa ugonjwa wa bakteria alikuwa askari polisi, Februari 1941. Alianza kupata nafuu, dawa ikaisha kabla hajapona, akafariki. Kwa hiyo silaha ya bakteria wa tumboni dhidi ya penisilini ilipatikana kabla dawa haijafika kwa watu. Usugu haukuzuliwa na dawa. Ulikuwepo kwa wachache. Dawa ndiyo inayowafanya wachache hao wawe wengi.

Onyo alilolitoa Stockholm

Penisilini iliokoa askari wengi katika Vita vya Pili vya Dunia, na Fleming akawa mtu mashuhuri. Mwaka 1944 mfalme wa Uingereza alimpa heshima ya kuitwa Sir. Mwaka 1945 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Florey na Chain.

Desemba mwaka huo, katika hotuba yake huko Stockholm, wakati dunia inasherehekea, alitoa onyo. Alieleza kwamba maabarani si vigumu kuwafanya bakteria wawe sugu kwa penisilini. Inatosha kuwapa dawa kidogo isiyotosha kuwaua. Akahofu kwamba siku itafika mtu yeyote ataweza kujinunulia dawa hii dukani, ajipe pungufu, na afanye jambo hilohilo ndani ya mwili wake.

Akatunga kisa cha kufikirika. Mume anaumwa koo. Ananunua penisilini, anakunywa kidogo, bakteria hawafi bali wanakuwa sugu. Kisha anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia na kutibiwa kwa penisilini, lakini haimsaidii, anafariki. Fleming akauliza ni nani aliyesababisha kifo hicho, na jibu lake lilikuwa mume, kwa jinsi alivyoitumia dawa ovyo.

Tusome kisa hicho vizuri. Aliyekosea kutumia dawa ni mmoja. Aliyekufa ni mwingine, wa nyumba hiyohiyo. Hilo ndilo jambo gumu kuhusu usugu: anayelipa si lazima awe yule aliyekula dawa. Inawezekana ni mtoto mchanga anayelala kitanda kimoja naye.

Haukupita muda. Kufikia mwaka 1948, Mary Barber, mtafiti katika hospitali moja ya London, alionyesha kwamba zaidi ya nusu ya bakteria wa majipu aliowapima kutoka kwa wagonjwa wa hapo hawakusikia tena penisilini.

Kinachotokea tumboni, hatua kwa hatua

Watu wengi husema mwili umezoea dawa. Mwili haujazoea. Ni bakteria waliobadilika, na hata wao hawakujifunza kama mtoto anavyojifunza shuleni.

Fikiria shamba lililopandwa mahindi, na ndani yake kuna mashina machache ya mtama. Ukame ukija, mahindi hukauka, mtama husimama. Mbegu zitakazoanguka na kuota hapo baadaye ni za mtama. Ukame haukuufundisha mtama kuvumilia jua. Ulikuwa unavumilia tangu mwanzo. Ukame uliondoa tu waliokuwa wakiubana.

Antibiotiki ni ukame wa namna hiyo. Kati ya bakteria wengi wa tumboni huwapo wachache wenye kinga. Wapo wenye kimeng'enya kinachoikata dawa. Wapo wenye pampu inayoitoa nje kila inapoingia. Wapo ambao ngozi yao hairuhusu dawa kupita, au ambao sehemu inayolengwa na dawa imebadilika umbo. Wenzao wakifa, wao huzaana na kujaza nafasi.

Kuna hatua ya pili, na hapa ndipo tumbo linapokuwa mahali pa hatari kuliko ngozi au koo. Bakteria wanaweza kupeana kinga. Mmoja hujishikiza kwa mwenzake na kumpitishia kipande kidogo cha maelekezo ya urithi, chenye habari za namna ya kuishinda dawa. Ni kama mama anayemwelekeza jirani mapishi yake: yeye hayasahau, na jirani naye sasa anayajua. Anayepokea si lazima awe wa ukoo uleule. Bakteria mwema wa tumboni anaweza kumpa kinga bakteria wa ugonjwa aliyeingia leo kwa maji machafu. Tumboni mna joto, mna chakula, na mna umati uliobanana. Ni soko la kubadilishana.

Jambo hili liligunduliwa Japani, na lilianza kwa ugonjwa mnaoujua, kuhara damu. Katika miaka ya 1950 madaktari huko waliwapata wagonjwa ambao bakteria wao wa kuhara damu hawakusikia dawa nne tofauti kwa mpigo. Walipopima choo cha wagonjwa hao waliwakuta pia E. coli wa kawaida wenye kinga zilezile nne. Mwaka 1959 vikundi vya watafiti vya Ochiai na Akiba vilionyesha kwamba kinga zote hizo zinaweza kuhama pamoja, kutoka kwa bakteria mmoja kwenda kwa mwingine, kwa mguso mmoja.

Miaka yake ya mwisho, na baada yake

Sarah alifariki mwaka 1949, na Fleming alihuzunika sana. Mwaka 1953 alimwoa Amalia Koutsouri-Voureka, daktari Mgiriki aliyekuwa amekuja kufanya utafiti St Mary's. Tarehe 11 Machi 1955 Fleming alifariki kwa shambulio la moyo nyumbani kwake London, akiwa na miaka 73. Majivu yake yamezikwa katika kanisa kuu la St Paul's, mahali wanapozikwa mashujaa wa Uingereza.

Mwaka 1961 ilitoka ampisilini, ndugu wa penisilini ambaye, tofauti na ile ya Fleming, aliweza kuwaua bakteria wa tumboni. Amoksilini wanayopewa watoto leo ni ya ukoo huohuo. Lakini kabla miaka ya 1960 haijafika mwisho, watafiti walikuwa wameshaeleza habari za E. coli kutoka kwa mgonjwa wa Athens, Ugiriki, mwenye kimeng'enya kinachoikata ampisilini, tena kilichobebwa kwenye kipande kinachoweza kupitishwa kwa wengine. Kimeng'enya hicho kimeenea duniani kote. Dawa mpya ilikuja, na bakteria wa tumboni wakajibu ndani ya miaka michache.

Makadirio ya watafiti yanaonyesha kwamba mwaka 2019 bakteria sugu walisababisha moja kwa moja vifo vya watu milioni 1.27 duniani. Kati ya bakteria wote, E. coli alikuwa mbele.

Huyu ndiye mkazi yuleyule wa tumboni. Akiwa utumboni ni mpole. Shida huanza akihama. Akiingia njia ya mkojo ya mama mjamzito huleta maambukizi. Akiingia damuni mwa mtoto mchanga anaweza kumuua kwa muda mfupi. Ikiwa ni sugu, dawa ya kwanza tunayomchoma mtoto haifanyi kazi, na tunagundua hivyo wakati saa za thamani zimeshapita. Hiyo ndiyo gharama ya antibiotiki iliyotumika bila sababu miezi iliyopita, na mtoto aliyeinywa pengine alikuwa mwingine.

Mama na mlezi afanye nini?

Kuharisha kwingi kwa watoto huletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Kinachomuua mtoto anayeharisha kwa kawaida ni kuishiwa maji. Kwa hiyo:

- Mpe ORS mara kwa mara, kidogo kidogo, kila baada ya kuharisha. Changanya pakiti kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake.
- Mpe zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma: miligramu 10 kwa mtoto wa chini ya miezi 6, miligramu 20 kwa mkubwa zaidi. Mhudumu atakuonyesha kipimo.
- Endelea kumnyonyesha, na mtoto anayekula aendelee kula.
- Usinunue antibiotiki kwa ajili ya kuharisha bila kuandikiwa. Usimpe mtoto vidonge vya rangi mbili vilivyobaki kwa mtu mzima, wala dawa ya maji iliyobaki kwa ndugu yake.
- Mtoto akiandikiwa antibiotiki, mpe kiasi kilekile, kwa saa zilezile, kwa siku zote ulizoelekezwa. Usipunguze ili ibaki akiba. Fleming alionya kuhusu dozi pungufu, na leo tunaongeza: hata dozi kamili hupalilia, kwa hiyo itumike tu inapohitajika.
- Nawa mikono kwa maji tiririka na sabuni baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika na kabla ya kumlisha. Bakteria sugu husafiri kutoka choo cha mmoja hadi mdomo wa mwingine. Mikono safi huwakatia njia.
- Mpe mtoto chanjo zote kwa wakati, pamoja na ile ya rota. Mtoto asiyeugua hahitaji dawa.

Usiiogope antibiotiki. Mtoto mwenye nimonia kali, au mchanga aliyeambukizwa damuni, anaihitaji mara moja, na ikicheleweshwa anaweza kufa. Kuhara damu nako huhitaji antibiotiki, ila mhudumu ndiye anayechagua ipi. Tunaitunza kwa ajili ya watoto kama hao, ili siku ikihitajika iwe bado inafanya kazi.

Mkimbize mtoto kituo cha afya bila kungoja ukiona mojawapo ya dalili hizi: choo chenye damu, anashindwa kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, macho yamedidimia, amelegea au haamki vizuri, au amepata degedege. Mtoto wa chini ya miezi miwili akiugua kwa namna yoyote, mpeleke siku hiyohiyo.

Na ukifika, mweleze mhudumu kila dawa ambayo mtoto ameshapewa nyumbani, hata kama ni kijiko kimoja. Hakuna atakayekugombeza. Habari hiyo ndiyo itakayotusaidia kuchagua dawa ambayo bakteria wa mwanao bado wanaisikia.